Pini za Upande wa Ndani

Dada mkubwa wa mumewe ndiye aliyembandika jina la Konokono, wiki ileile aliyoolewa, na jina likamganda. Hakulikataa. Alikuwa mzito wa mkono kweli, na lesi haina ugomvi na wazito.

Mto wa kufumia lesi ulikuwa mmoja tu nyumbani, wa duara, umeshindiliwa makapi hadi ukawa mgumu kama mkate wa juzi. Ulikuwa wa wifi. Sasa vidole vya wifi vilikuwa vimekakamaa, na kesho alikuwa anahamia kwa mwanawe. Mto angemwachia Konokono kama angeweza kuuzungusha utepe wa lesi kwenye mpindo, pale unapokata kona. Asipoweza, ungekwenda kwa jirani.

"Utepe wa kunyooka hata kuku anafuma," wifi alisema. "Fundi tunamjulia konani."

Jana Konokono alijaribu. Kwa kupenda haki, kila alipochomeka pini ukingo wa nje, alichomeka nyingine ukingo wa ndani. Juu ya mto kazi ilipendeza. Pini zilipotoka, lesi iliinuka ikawa kikombe.

"Haya, tia chai tunywe," wifi alimwambia.

Leo alianza upya. Nje mvua ilikuwa nyembamba, haina kelele. Vijiti vilivyobeba nyuzi viligongana polepole, na mlio wao ukamlegeza. Alikuwa akitazama uzi, kisha akawa anatazama njia. Alijiona juu ya utepe ule mweupe pamoja na dada zake, wameshikana mikono, safu nzima inakata kona. Njia ilikuwa laini chini ya nyayo, inanukia pamba. Dada wa nje karibu akimbie. Wa ndani, kitindamimba, alikuwa anakanyaga palepale, hana wasiwasi, anawangoja wenzake wazunguke. Hakuna aliyemwita mvivu. Safu haikukatika.

"Wifi, umelala?" dada wa mumewe alimwuliza.

"Niko macho."

"Macho yapo. Mwenyewe ndiye simwoni."

Konokono aliendelea. Uzi wa kufumia ulipofika ukingo wa ndani, hakuuchomekea pini mpya. Aliuzungusha kwenye pini iliyokuwapo, akaurudisha nje. Uliporudi tena, pini ileile ikaupokea. Katikati ya utepe kulikuwa na urembo, safu ya vitundu walivyoviita mbegu, nazo zilianza kuvutwa ndani. Akahamisha jozi moja ya nyuzi upande wa pili wa mbegu, zikarudi njiani.

Mpindo ulipokwisha, wifi alivuta kiti. Pini alizichomoa mwenyewe, kwa vidole vile vigumu, akianzia nje. Konokono alitazama ukuta. Pini ya mwisho ilipolia kwenye kisahani, wifi alilaza kiganja juu ya lesi, akakiinua. Lesi haikukifuata. Ilibaki imelala.

"Kuna mbegu mbili zimekaa upande," wifi alisema.

"Nimeziona."

"Ungesema hujaziona, mto ungeondoka leo leo."

Alipapasa ukingo wa ndani, pale nyuzi zilipobanana bila kupandana. Kisha akausukuma mto wote hadi mapajani mwa Konokono.

"Sasa jirani nitamwambia nini?" aliuliza. "Mwenzio keshanunua pini."