Kichwa kwa Kichwa, Mkia kwa Mkia

Asubuhi ya siku ya kuingia kiangazi niliwapeleka wajukuu wangu wawili kwa Mama Lou kuchukua mayai. Kuku wake hushinda wakichakura chini ya mianzi, na kiini cha mayai yao huwa na rangi ya chungwa.

Lefan ni mtoto wa binti yangu, ana miaka tisa na mdomo wa watu wanne. Moli ni rika lake. Mama yake Moli aliolewa na mwanangu mdogo wakati wa baridi, akaja na mtoto huyo kutoka kaskazini. Watu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Moli alikaa kwangu tangu theluji mpaka maharage yakakomaa, na bado alikula kama mgeni: nusu bakuli, asante, vijiti vya kulia chini. Sikujua anapenda chakula gani, maana alisifu kila kitu. Hilo liliniondolea raha.

Kule shambani kwa Mama Lou, Moli alibaki nje ya banda la kuku, mikono nyuma. Mama Lou hakumbembeleza. Alisema tu kwamba mgongo unamuuma, hawezi kuinama, basi mtoto amsaidie kuokota mayai. Mgongo wa Mama Lou ni mzima. Jana yake nilimwona amebeba gunia la mahindi. Moli akaingia, akatoka na yai ambalo bado lilikuwa na joto la kuku, akaliweka shavuni.

Nyumbani niliyachemsha mayai na majani ya chai mpaka maganda yakawa ya kahawia. Kisha nikamvisha kila mmoja shingoni mfuko wa nyuzi nilioufuma, na yai ndani. Mtoto akivaa yai siku hiyo, joto la kiangazi halimkondeshi. Ndivyo tulivyolelewa sisi. Moli akaniuliza kwa sauti ndogo kama yai hilo ni la kuvaa au la kula. Lefan alicheka mpaka akakohoa, akamweleza kwamba kwanza ni la kupigana. Ncha iliyochongoka ni kichwa, upande wa mviringo ni mkia. Wanagonga kichwa kwa kichwa, mkia kwa mkia. Yai likipasuka, mwenyewe analila. Lisilopasuka ndilo bingwa.

Watoto wa jirani walijaa uani. Lefan aliwapasulia mmoja mmoja, huku akiyaita mayai yao maganda ya karatasi. Moli alikuwa amekaa kizingitini, yai lake kalifunika kwa viganja. Lefan akamfuata, wakagonganisha. Yai la Lefan likapasuka, na uani pakawa kelele tupu.

Mimi nilikuwa karibu nao nikimenya maharage, nikakiona kidole gumba cha Lefan. Alikuwa ameligeuza yai lake kiganjani, mkia ukakutana na kichwa cha yai la Moli, na mkia ni dhaifu. Mtoto huyo alikuwa ameisubiri siku hii mwaka mzima. Nikaendelea kumenya, macho yakiniwasha.

Lakini Moli hakufurahi. Aliutazama ule ufa, akakunja uso.

"Umegeuza."

"Nimegeuza nini? Umeshinda, basi."

"Umenipa mkia. Unanionea huruma, siyo? Leta jingine tupigane kweli."

Hatukuwahi kuisikia sauti yake ikifika ukutani. Lefan alinigeukia, hajui afanye nini. Nikamwambia achukue jingine kwenye sufuria.

Safari hii ilikuwa kichwa kwa kichwa. La Moli likabonyea ndani. Watoto wakangoja alie.

"Ganda la karatasi," Lefan alisema polepole, kama anayejaribu maji kwa kidole.

"Nyamaza wewe. Mwakani nitakupasua na hiyo pua." Moli akacheka, na Lefan akacheka zaidi yake.

Yai lililotagwa karibuni halimenyeki vizuri likichemshwa. Lake lilitoka na mashimo kama limeng'atwa na panya. Alilichovya kwenye chumvi, akala, halafu akaokota maganda na kuguguna kila kipande cheupe kilichonata humo. Wali wa maharage ulipoiva alimaliza bakuli, akanisukumia mezani.

"Bibi, niongeze," akasema. "Na yai jingine. Huu wali wako hauna chumvi."

Nikainuka kumletea chumvi.