Oili Iliyonisengenya

Mkwe wangu Galen ni mtu mwema, na hilo nilitangulize kabla sijaanza kumsema. Amemwoa binti yangu Janelle, hanywi, hagombi, na theluji ikianguka huja kunizolea uwanja kabla sijaamka. Ila ana ugonjwa mmoja: oili. Haiuzi, anaipima. Akimwaga oili chakavu ya gari lolote la ukoo wetu, huiacha ichuruzike kidogo, kisha hukinga kichupa cheupe cha plastiki, hukiandika jina la mwenye gari na kukituma kwa posta hadi maabara huko Indiana. Majibu yakirudi, hutusomea mezani tukiwa tunakula: chuma kiasi hiki, shaba kiasi hiki, risasi kiasi hiki. Chuma kikizidi, kuna kitu kinasagika. Maji ya rejeta yakionekana, gasketi inakata roho. Anasoma kwa sauti ya daktari, na mfukoni mwa shati hakosi kichupa kitupu. Gari ambalo hajawahi kuligusa ni moja tu, pikapu ya marehemu baba yake, Orville. Imefungiwa bandani tangu siku ya mazishi, na hakuna anayeitaja.

Mimi sikuwa na neno. Gari langu, Buick, lilikuwa likipewa sifa kila mara, na nilijisikia mama wa mtoto aliyeongoza darasa. Mpaka kiangazi kilichopita, oili ilipoamua kunisengenya.

Siku hiyo Galen alikuja na karatasi yake, lakini hakuisoma mezani. Aliniita barazani. Akasema kuna chembe nyingi za mchanga kwenye oili, maana yake injini inavuta vumbi, na chujio la hewa amelifungua akalikuta jeupe kwa vumbi la barabara za kokoto. Halafu kuna petroli imejichanganya humo, dalili ya gari kuunguruma muda mrefu likiwa limesimama. Akaniuliza taratibu huwa naenda wapi. Nikamjibu: kanisani, dukani, saluni. Huko kote ni lami tupu, na mji wetu huu wa Nebraska hata foleni hauijui.

Nilijua anawaza nini. Mwezi wa tatu nilisahau sufuria motoni mpaka viazi vikawa makaa, na mara moja nilimwita Janelle kwa jina la marehemu dada yangu. Sasa limeongezeka vumbi. Kichwani mwa Galen tayari nilikuwa nazurura katikati ya mahindi, njia nimeipoteza, nimesimamisha gari naita Mungu wangu. Roho iliniuma, maana akili zangu ni timamu kuliko za wengi wanaonipigia kura kwenye kamati ya kanisa.

Ukweli ulikuwa mwepesi kuusema, ila nilikuwa nimekula kiapo. Nilikuwa namfundisha mama yake Galen kuendesha gari.

Huyo ndiye Ardith, mkwe mwenzangu na shoga yangu wa kufa na kuzikana. Orville alimwendesha maisha yote ya ndoa yao, na tangu Orville atutoke, Ardith hungoja Alhamisi, Galen anapopata nafasi ya kumpeleka dukani. Usichanani alijaribu kushika usukani mara moja tu, akaingia na gari kwenye banda la nguruwe la jirani. Kisa hicho husimuliwa kila Sikukuu ya Shukrani, na kila mwaka nguruwe wanaongezeka. Basi alinijia nyumbani, akafunga mlango, akaniapisha.

"Shoga, wasijue mpaka nishike leseni," aliniambia. "Wakijua watacheka, na wakimaliza kucheka watanihurumia. Kuchekwa nitavumilia."

Ndiyo maana tukawa tunajificha barabara za kokoto nyuma ya maghala ya nafaka, ambako shahidi ni ng'ombe tu. Ile petroli kwenye oili ilitokana na kumsubiri Ardith amalize kusali kabla ya kutia gia. Anasali kwa marefu na mapana, anawataja watu kwa majina. Na vumbi, basi, ni kwamba akishasema amina anakanyaga mafuta utadhani anafukuzwa.

Jumapili, baada ya ibada, Janelle alituandalia nyama ya nguruwe na saladi ya viazi, akanipakulia kipande kikubwa kuliko vyote. Hapo hapo nikajua pana jambo. "Mama, tunakupenda," akaanza, na damu ikanichemka. Walitaka funguo za gari. Galen alisema nisiwe na wasiwasi, atanipeleka kokote nitakako, kama anavyompeleka mama yake.

Ardith, aliyekaa mbele yangu, uma wake ulisimama hewani. Mtihani wake ulikuwa Jumanne, na gari la kufanyia mtihani lilikuwa hilo hilo Buick. Funguo zikienda, mtihani umekwenda, na mimi namjua, ujasiri ule asingeupata tena. Nikamwona anafungua kinywa ili akiri. Nilimpiga teke chini ya meza.

"Funguo hamzipati kwa karatasi," nikasema. "Jumanne mtahini wa leseni za udereva anakuja mahakama ya kaunti. Nitakwenda kupimwa mimi mwenyewe, siyo oili yangu. Nikishindwa, Galen, nakukabidhi funguo kwa mkono wangu."

Galen alikubali, mradi anipeleke yeye. Ardith, kwa sauti nyembamba, akasema naye angependa kunisindikiza, na mwanawe akamshika bega kwa kuguswa na wema huo.

Basi Jumanne Galen ndiye aliyeshika usukani, mimi nikiwa ubavuni, Ardith nyuma, mkoba magotini na midomo ikichezacheza. Nikajua leo sala ni ile ndefu kabisa. Mtahini alikuwa mwanamke mrefu mwenye miwani ya jua, hacheki. Nilimzungusha mji mzima bila kosa, isipokuwa aliniambia ninakwenda polepole mno. Sijawahi kufurahia lawama kiasi hicho.

Galen ni mwungwana. Alinikumbatia pale pale ukumbini, akaniomba radhi, akasema funguo ni zangu na hatazigusa tena baada ya kunirudisha nyumbani. Ila uso wake haukutulia. "Sasa lile vumbi, Mama?" akauliza. Kabla sijajibu, karani alifungua mlango akaita jina la Ardith.

Galen akasimama kueleza kwamba pana makosa, kwamba huyu ni mama yake, amekuja kusindikiza tu, na haendeshi gari. Karani alitazama karatasi yake, akamtazama yeye. Ardith alikuwa ameshainuka, anajinyoosha sketi.

"Galen," akasema, "nipe funguo."

Mkono wa Galen ulitii kabla kichwa hakijaelewa. Ardith akatoka na mtahini, sisi tukabaki dirishani. Buick likatulia pale kidogo, naye akasali, kisha likatoka, likazunguka uwanja wa mahakama, likawasha taa ya kukunja, likamngoja mzee mmoja na mbwa wake wavuke.

"Vumbi lako hilo linapita," nikamwambia.

Alilifuata gari kwa macho mpaka lilipopotea nyuma ya benki. Kisha akauliza kwa nini mama yake hakumwambia, maana yeye angemfundisha. Nikamwambia angemfundisha, ndiyo, huku mkono wake ukiwa juu ya breki muda wote. Alicheka kidogo. Ndipo nikamwambia lililobaki.

"Amechoka kungoja Alhamisi, mwanangu."

Lilimwingia. Alivua kofia, akaivaa, akaivua tena, na macho yake yalikuwa yamelowa. Niliona huruma, nikamshika mkono, na tukangoja hivyo.

Ardith alirudi akaegesha gari upande upande kidogo, lakini ndani ya mistari. Alipotokea mlangoni na ile karatasi yake nilipiga ukelele hadi karani akatoka kuangalia nani kaumia. Galen alimbeba mama yake juu juu, analia na kucheka kwa pamoja, anamwambia habari ya nguruwe imekwisha, hata mkia wake hatausikia tena.

Ardith aliposhushwa, alijitengeneza nywele, akatia vidole mfukoni mwa shati la mwanawe, akachomoa kile kichupa kitupu. Akamwekea kiganjani, akamkunja vidole juu yake.

"Pikapu ya baba yako," akasema. "Kaipime oili. Nataka kujua hali yake kabla sijaitoa bandani."

Galen alikitazama kichupa kwa muda mrefu. Nilidhani atakataa. Mwishowe alitoa kalamu, na kwa mwandiko wake ule wa daktari akaandika ubavuni mwa kichupa jina la mwenye gari. Hakuandika Orville. Aliandika Ardith.

"Utakwenda nayo wapi, Mama?" akauliza.

"Usiniulize," akasema Ardith, na tayari alikuwa ameelekea kwenye mlango wa dereva. "Oili itakuambia."