Neno Nililomsahihisha Kwandu

Jumatatu ile nilimfundisha mtoto wa miaka saba kusema uongo, na alipoweza nikamsifu.

Mimi ni Idefonsi Minani, Mhangaza wa Murusagamba. Nashughulikia ustawi wa watoto katika kituo kinachowahifadhi akina mama na watoto waliokimbia vipigo, hapa Nyakahura. Nilisoma bweni miaka sita. Huko, aliyechanganya Kiswahili na lugha ya kwao alivishwa kibao shingoni hadi jioni. Mimi sikukivaa hata siku moja, na jambo hilo nililijivunia mpaka Alhamisi iliyopita.

Kwandu na mama yake walikuwa katika wiki ya tatu kituoni. Baba, Ndassa, alikuwa amemvunja mkewe mkono kwa mpini wa jembe. Sasa aliomba warudi nyumbani, na mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Fabiani, alimsimamia. Utaratibu wetu unataka mtoto ashinde na mzazi siku moja, kisha ahojiwe peke yake. Jumamosi Kwandu alikwenda. Jumatatu nikamkalisha mbele yangu.

"Shikamoo."

"Marahaba, Kwandu. Haya, niambie, baba alikuwaje?"

Aliangalia vidole vya miguu yake. "Baba alinitula."

"Hatusemi 'alinitula'. Sema: alitulia."

Akakunja vidole vile.

"Sema, nakusikiliza."

"Alitulia."

"Vizuri sana!"

Nikaandika kwa mwandiko wangu ulionyooka: *Mtoto anathibitisha kwamba baba ametulia.* Nikatia saini, nikagonga muhuri.

Alhamisi tukakaa kikao. Ndassa alikuja amevaa koti, ameshika kofia mapajani kama mtu aliye kanisani. Mama Kwandu aliketi karibu na mlango, mkono ukiwa bado umefungwa; tangu waje, mtoto alioga na kuvaa mwenyewe. Nilisoma taarifa kwa sauti. Nilipofika kwenye sentensi ile, Ndassa alimtazama mkewe, akatabasamu.

"Mnasikia?" alisema Mzee Fabiani. "Mtoto mwenyewe kasema. Mama Kwandu, leo mnarudi. Una neno?"

Mama aliinamisha kichwa. "Kama mtoto kasema, sina."

Nilitoka kwenda kumwita mtoto aje na mfuko wake wa nguo. Nilimkuta nyuma ya jiko, pembeni ya Teddy, mpishi wetu, Msukuma wa Shinyanga, aliyekuwa akichambua maharage. Kwandu alikuwa amelaza kifudifudi mwanasesere wa magome ya mgomba, akimchapa kwa kijiti. "Nakutula! Nakutula!"

Nikasimama. "Teddy, anasema nini?"

"Si anampiga mwanawe?" Teddy alicheka. "Kutula ni kupiga, baba. Miaka minne unakula ugali wangu, Kisukuma chote kimekupita? Na shule yote ile?"

"Jumatatu aliniambia, 'Baba alinitula'," nilisema. Kicheko kikamwishia mdomoni. Alinawa mikono, akamvuta mtoto taratibu, akamwinulia blauzi kwa nyuma. Michirizi ilikuwa sita. Miwili ilikuwa imepasuka na kuanza kukauka. Kwa siku tano mtoto huyu alikuwa akilala chali juu ya vidonda hivyo, umbali wa hatua ishirini kutoka mezani pangu, nami nilikuwa nimeridhika na sarufi yake.

Nilirudi kikaoni.

"Mtoto haendi popote," nilisema. "Jumamosi alichapwa. Mgongo wake nimeuona sasa hivi."

Ndassa aliruka. "Uongo! Kasema nimetulia! Imeandikwa!"

"Hakusema. Nilisema mimi, nikamlazimisha arudie."

"Taratibu, afisa," alisema Mzee Fabiani. "Muhuri ni muhuri. Ninyi wasomi wa bweni mnaandika asubuhi, mnafuta mchana? Fimbo mbili tatu za mzazi ndizo zivunje nyumba ya mtu?"

"Ni sita, mzee. Nakuheshimu kwa umri wako, lakini ukiniambia tena kwamba hiyo ni nyumba, nitaandika na jina lako."

Nilichukua taarifa ile, nikaandika juu yake kutoka kona hadi kona: *Si kweli. Kosa ni langu.* Nikatia saini. Kisha nikapiga simu polisi, dawati la jinsia na watoto, nikiwa nimesimama mlangoni, na nilimtazama Ndassa machoni wakati wote nikitaja jina lake. Nilitamani sana ajaribu kunipita. Aliketi, akaanza kuikunja kofia.

Mama Kwandu alikuwa amesimama. "Sirudi," alisema. Hakumwambia mtu yeyote hasa. Akaenda nyuma ya jiko kwa mwanawe.

Jioni nilimhoji Kwandu upya, Teddy akiwa mkalimani. Nilimwambia kwamba siku ile mimi ndiye niliyekosea, si yeye. Alinitazama kama mwanafunzi anayehofia kwamba swali lina mtego.

"Niseme la kwako," aliuliza, "au la kwetu?"

"La kwenu."

Alimgeukia Teddy, akanipa mgongo, akaanza kusema. Alisema mengi, ya Jumamosi na ya kabla ya Jumamosi, na kila Teddy aliponyamaza ili nimalize kuandika, mtoto alingoja bila kugeuka.