Mifuko Minne Chini ya Kitanda

Haya alinisimulia Milcah mwenyewe, Pasaka iliyopita, tukikanda unga wa chapati.

Asubuhi moja, chuoni anakofanya usafi, aliingia ofisini kwa Profesa Josefina kufuta vumbi, akamkuta mama mtu mzima kapiga magoti, kichwa ndani ya pipa la karatasi. Josefina alikuwa amezeekea katika vitabu vya Wayahudi wa Urusi. Kesho yake alikuwa na mhadhara, na ukurasa wa kusoma, ambao hauna nakala, ulikuwa umepotea.

Milcah akashika ufagio kwa nguvu. Alijua ulipo.

Kanisani kwao, mtaa wa Rinkeby, mchungaji alitundika kitambaa chenye herufi za Kiebrania, akasema ni jina la Mungu. Tangu hapo, kila karatasi yenye herufi zile aliyoikuta pipani, Milcah aliibeba hadi kwake, mtaa wa Rissne. Neno la Mungu halitupwi pamoja na maganda ya ndizi. Mifuko minne ilijaa chini ya kitanda. Viatu vya mumewe, Ochola, vikahamia mlangoni. Kila jioni Milcah alisali hapo hapo, kando ya kitanda. Ila kazini sheria ni moja: ukitoka na karatasi ya ofisi, usirudi.

Akafikiria kunyamaza. Kisha akamwona Josefina anapangusa macho kwa kiganja chenye wino.

"Ziko kwangu," akasema. "Nilidhani ni Maandiko."

Josefina akachukua koti. Wakapanda treni hadi Rissne. Ochola, dereva wa basi aliyetoka zamu ya usiku, aliamshwa, akasimama mlangoni na blanketi begani. Mifuko ikamwagwa. Josefina akapekua, akapata ukurasa wake, akacheka mpaka akakaa sakafuni.

"Milcah, hii si sala. Ni lugha ya nyumbani kwetu Wayahudi, inaandikwa kwa herufi hizo hizo. Muuza vitunguu anamtukana mumewe."

"Miezi minane nasalia matusi?"

Josefina akaacha kucheka. "Bibi yangu hakutupa karatasi yenye herufi hizi, hata ya vitunguu. Zilizikwa, kama watu." Akaukunjua ukurasa gotini. "Na mimi profesa ndimi niliyezitupa. Kesho njoo kazini. Uje na mifuko hii, tuzizike karatasi pamoja."

Ochola akaomba atafsiriwe matusi yenyewe, polepole, apate kuyaelewa vizuri.

Walikula ugali na mboga ya sukuma. Ochola akarudi kitandani. Josefina akasinzia kwenye kochi, ukurasa kifuani ukipanda na kushuka. Milcah akamfunika, akazirudisha karatasi mifukoni moja moja, za matusi na za sala bila kuzichagua. Kisha akajinyoosha kando yake pale sakafuni, mkono mmoja juu ya mfuko, jua la mchana likiwa bado dirishani, akalala.