Waya Usiofundishwa

Ting.

Sauti ndogo, ya kitu kinachogusa bilauri kwa ndani. Ilikuwa alfajiri, umeme umekatika tangu jana yake, na nilikuwa nimetoka kumimina maji ya moto kwa kupapasa ili ninywe chai kabla ya kumwamsha binti yangu. Nikatulia. Ting, tena. Nikajiambia hakuna mende wa kuogelea kwenye maji yale. Nikawasha tochi ya simu.

Ndani ya bilauri mlikuwa na kipande cha waya, urefu wa kidole. Nilikuwa nimekileta mwenyewe kutoka kazini, kimebaki kwenye vipimo, na binti yangu, ambaye tunamwita Chiriku kwa jinsi asivyofunga mdomo, ndiye aliyekitumbukiza humo kabla hajalala. Nilipokileta kilikuwa kimenyooka kama sindano. Sasa kilikuwa kimejikunja pete, mkia mdogo umegeukia nje.

Nilirudi nyuma hatua moja, na sababu yake ni hii. Mimi ni msaidizi katika maabara ya vyuma ya chuo kikuu. Niliingia pale na ufagio, nikasoma masomo ya jioni tumbo likiwa mbele, nikajifungua, nikarudi darasani na mtoto mgongoni. Waya tunaoupima ni wa nikeli na titani. Ukiufunga katika umbo fulani, ukauchoma tanurini, kisha ukauzamisha kwenye maji baridi, umeshaufundisha. Baada ya hapo ukunje utakavyo. Waya ukionja maji ya moto unarudi kwenye umbo lile lile, kama mtoto aliyeitwa na mama yake. Lakini kipande hiki nilikikata kwenye bunda jipya la waya. Hakijawahi kuona tanuri. Kilikumbuka nini?

Nilikifunga kwenye leso nikaenda kazini, maana siku hiyo nilikuwa naitwa ofisini.

Nilikuwa nimeandika ripoti ya kurasa kumi na nne. Niliukunja waya na kuurudisha mara mia tatu, nikipima kila mara umerudi kwa kiasi gani, mpaka ulipoanza kuchoka. Ripoti ikipita, ningekuwa fundi kamili wa maabara. Ila Mkuu wetu aliisoma akasema haifanani na kazi ya mtu wa masomo ya jioni. Akaipeleka kwa mama mmoja wa idara ya lugha, ambaye kazi yake ni kutambua nani kaandika nini. Mafundi wanamwita Bibi Hesabu. Akisema nimenakili, kazi sina.

"Kaa, mwanangu, hapa haliwi mtu," alinikaribisha Bibi Hesabu ofisini kwa Mkuu. "Mimi sihesabu maneno makubwa. Hayo mtu huyachagua, kama nguo ya harusi. Nahesabu yale madogo: na, ila, basi, hata. Hayo yanakuponyoka mwenyewe hujui."

Mkuu alikuwa amempa nakala za kurasa za mafundi saba, wa sasa na wa zamani, zenye namba badala ya majina. Majina yalikuwa kwenye bahasha ya Mkuu, Bibi hayajui. "Maana ukijua unamtafuta nani," alisema, "utamwona hata kwenye orodha ya sokoni."

"Haya, matokeo," Mkuu akasema.

"Haikufanana na mafundi sita. Imefanana na namba tano, kama maji na maji."

Mkuu akachana bahasha. Akasoma, akasoma tena. "Namba tano ni Mzee Koleo."

Mzee Koleo nilimjua kwa kusikia tu. Alikufa miaka miwili kabla sijashika ufagio pale. Madaftari yake yamefungiwa kabatini, na ufunguo Mkuu anautembeza shingoni kama hirizi.

"Uliyafungua lini?" akaniuliza.

"Sijawahi kuyaona, Mkuu."

"Kwa hiyo alikuja kukusomea mwenyewe?" Akacheka. Kicheko kikamkatikia njiani.

Alifungua kabati, akalaza daftari mezani. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na mchoro wa penseli: pete, na mkia mdogo umegeukia nje. "Hili ndilo umbo alilofundishia waya zake zote," alisema. "Aliona uvivu kubuni jingine."

Ningeweza kunyamaza. Lakini nilifungua leso, nikaweka kipande changu juu ya ule mchoro. Kililala sawasawa, mkia juu ya mkia. Mkuu alisogeza kiti chake nyuma. Bibi Hesabu hakusogea, ila alijifunika mtandio vizuri.

"Mpe kalamu," alisema. "Aandike hapa hapa, tunamwona."

Nikaandika kurasa mbili juu ya kile kipande kilivyojikunja bilaurini alfajiri ile. Bibi Hesabu alihesabu kwa kidole, midomo ikimchezacheza. Alipomaliza alivua miwani.

"Namba tano tena. Huyu binti hakunakili, hilo naapa. Lakini aliyeandika si yeye."

"Basi ni rahisi," Mkuu alisema, kama mtu anayetaka kwenda zake. "Ripoti itoke kwa jina la marehemu. Wewe ubaki msaidizi. Hakuna atakayefukuzwa."

Miaka mitatu ya kusoma huku nabembeleza mtoto kwa mguu! Bibi Hesabu alinishika mkono. Wake ulikuwa wa moto.

"Nyumbani unaongea na nani, mwanangu?"

"Na binti yangu. Kila jioni namsomea hii ripoti, ndiyo hadithi yake ya kulalia."

"Maskini mtoto," alisema Bibi Hesabu. "Sasa usimsomee. Mwandikie."

Nikaanza upya. Mstari wa kwanza kalamu ilikuwa nzito, inanivuta pembeni kama mbuzi anayejua njia ya zizi lake. Nilikata. Nikaandika: Chiriku, waya nao unachoka, kama wewe ukirukaruka. Ukaja mwingine, na mwingine. Kila kalamu ilipotaka kukimbia peke yake nilimtaja Chiriku kimoyomoyo, ikanyooka. Saa tisa nilikuwa nimejaza kurasa tano, mgongo umelowa jasho.

Bibi Hesabu alihesabu. Akalinganisha na namba tano, akatikisa kichwa. Akapitia zote saba, taratibu.

"Huyu simjui," alisema mwishowe, akatabasamu. "Hafanani na mtu. Karibu kwenye maandishi, mama Chiriku."

Mkuu aliniambia nimalizie kurasa zilizobaki kwa mkono huo huo, kisha akaandika jina langu kwenye jalada, langu peke yake. Hakulirudisha lile daftari kabatini mpaka nilipotoka.

Jioni hiyo umeme ulikuwa umerudi. Nilimfunika binti yangu, nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikamsomea zile kurasa tano. Kwa mara ya kwanza hakuniuliza kitu wala hakujificha ndani ya shuka. Alinitazama mdomo mpaka mwisho.

"Mama, leo umesoma kwa sauti yako."