Roho wa Daraja la Kumi na Tano

Mwalimu Vendelín Hrubeš hakuzaliwa mwongo. Miaka ishirini na mitano alifundisha hesabu mjini Olomouc, na mtoto aliyenakili kazi ya mwenzake alimkemea mbele ya darasa zima. Alipostaafu ndipo aliposhikwa na mapenzi ya falaki na elimu ya roho.

Kila Jumapili alasiri watu kumi na watatu walikusanyika sebuleni kwake, wakinywa kahawa na kula vikate vya jamu ya plamu, naye akiwasimulia habari za roho mia tatu na sitini wa nyota kumi na mbili: kila nyota madaraja thelathini, kila daraja na roho wake. Baadaye akaandika kitabu, kikapigwa chapa. Katika dibaji alisema majina yale aliyapokea mwenyewe, kwa kufunga na kusali miaka saba.

Hakuyapokea. Aliyanakili kutoka kwenye kitabu kikuukuu kilichoandikwa kwa mkono, alichopewa na mjane wa mfamasia. Tena kitabu chenyewe kililiwa na wadudu: kwenye nyota ya Mashuke, daraja la kumi na tano, palibaki tundu tupu. Mwalimu aliliangalia tundu lile siku mbili. Ya tatu, mbwa wake Sultan alikuja akamlalia pajani, naye, kwa uchovu na utani, akaliandika jina la mbwa kinyumenyume: Natlus. Akaongeza kwamba ni roho mpole, mlinzi wa wasioweza kujilinda. Alicheka peke yake, akafungua ukurasa mwingine.

Basi katika roho wote wale, watu wakampenda Natlus kuliko wengine.

Jumapili moja akaja mgeni, mzee Zelníček, mtunza vitabu wa nyumba ya watawa. Alibeba nakala ya kitabu kilekile cha mkono, nzima, haijaguswa na mdudu.

"Ndugu yangu Hrubeš, una bahati wewe," alisema huku akimega mkate. "Roho wamekuteremshia majina yaleyale aliyoyaandika mtawa mmoja miaka mia tatu iliyopita. Hata alipokosea yeye, na wao wamekosea papo hapo!"

Watu wakacheka, wakidhani ni masihara. Mwalimu naye akacheka, kahawa ikamwagika kwenye kisahani.

"Na huyo mtawa aliyatoa wapi?" aliuliza Bi Apolena Kynčlová, mshona nguo.

"Kwa Walatini, mama. Walatini kwa Waarabu, Waarabu kwa Wayunani, Wayunani kwa Wamisri waliokuwa wakihesabu saa kwa nyota. Kila mnakili kaangusha herufi, kaokota nyingine. Mmisri akifufuka leo, hamjui hata mungu wake mmoja."

"Na Natlus wangu je?"

Mzee akateremsha kidole kwenye ukurasa. "Hapa pana jina jingine. Huyo Natlus ni wa mwalimu peke yake."

Uso wa Bi Apolena ukang'aa. "Mnaona? Wengine wa vitabuni, lakini Natlus kamjia mwenyewe! Ndiyo maana nikamchongesha kwenye jiwe la Terezka wangu."

Terezka alikuwa binti yake, aliyekufa kwa ugonjwa wa koo akiwa na miaka sita. Habari za jiwe mwalimu hakuwa nazo. Kesho yake asubuhi alikwenda makaburini, akasoma: *Natlus amlinde.* Akasimama pale, asijue mikono aiweke wapi. Kisha akaenda moja kwa moja kwa Bi Apolena.

"Bi Apolena, Natlus si roho."

Cherehani ikanyamaza. "Ni nini basi?"

"Lisome kutoka nyuma."

Bi Apolena aliliandika kwa chaki juu ya kitambaa, herufi moja moja. Alipomaliza aliiweka chaki chini.

"Huyo nimemletea mifupa kila Jumapili," alisema. "Kumbe mwanangu kalala miaka miwili chini ya jina la mbwa."

"Nisamehe. Nitamwita mchonga mawe leo hii..."

"Mchonga mawe kakosa nini? Uliandika wewe, utalifuta wewe. Jumamosi, watu wakija kumwagilia maua ya makaburini."

Jumamosi alipiga magoti na nyundo na patasi. Mwanafunzi wake wa zamani, sasa baba wa watoto, akasimama.

"Mwalimu, kulikoni?"

"Nasahihisha kosa."

"La nani?"

Ulimi ulitaka kumsingizia mchonga mawe. "Langu," alisema, bila kuinua macho. Bi Apolena alisimama kando, mikono kifuani, mpaka herufi ya mwisho. Akaondoka bila kuaga. Vikao vya Jumapili vikaishia hapo.

Mwalimu akawaandikia barua wote aliojua wana kitabu chake, akakiri kila kitu. Wengi hawakujibu. Kiongozi wa chama kimoja cha elimu ya roho cha Vienna alijibu kwa huruma: bila shaka mwalimu anajaribiwa na shaka, wao walimwita Natlus mwezi Machi, naye akaja, mrefu, kavaa kijani, akalitaja jina lake kwa sauti. Katika orodha yao mpya watamtanguliza.

Aliandika tena, na tena. Kimya. Aliishi miaka tisa zaidi, na katika miaka hiyo alilikuta jina lile kwenye vitabu vitatu, kimoja kwa lugha asiyoijua. Kila mara alikifunga upesi, kama mtu aliyechunguliwa akioga.