Mulozi wa Nyamianda

Mimi Capitoline sijui kuigiza kidogo. Nikiambiwa nilie, nalia mpaka kamasi. Nikiambiwa niwe mulozi, mchawi kamili, basi wajukuu wa mtu wataliwa. Ndiyo maana Vainqueur na vijana wenzake walipopita hapa Nyamianda na kamera yao, wakitafuta mama wa kuigiza mama mkwe anayemaliza wajukuu wake kwa chai ya uchawi, hawakufika nyumba ya pili. Nilicheka mara moja tu, kile kicheko changu kinachoanzia tumboni. Mshika kamera akarudi kinyumenyume mpaka akamkanyaga mbuzi wa jirani.

"Mama Fiston," Vainqueur akasema, "hii kazi ni yako."

Ningekataaje? Filamu za mashetani na maombi ndizo starehe yangu tangu ujana. Majirani wanajaa mkekani kwangu, tunampigia kelele msichana asiingie kile chumba, naye anaingia, mjinga huyo! Tunajifunika kitenge usoni na kuchungulia. Mchungaji akitokea na Biblia yake, muziki ukapanda, tunasimama wote, Wakatoliki na Waprotestanti, tunamsaidia kukemea. Unaogopa mpaka kwenye mifupa, halafu Mungu anashinda, halafu unakwenda kusonga bugali. Niambie raha gani inapita hiyo.

Filamu yetu ikatoka, ikaruka kutoka simu hadi simu, ikashuka Kalundu, ikapanda mpaka Lemera kule milimani. Sokoni ninapouzia ndakala, wale dagaa wetu wa ziwani, watu wakaanza kunikemea. "Shindwe!" mtu ananiambia, kisha ananunua samaki. Mama mmoja aliniomba nimchekee kidogo tu. Nikamchekea, akakimbia akaacha ndakala zake mezani. Nilifurahi vibaya sana. Ukiogopwa hivyo, ujue umeigiza.

Halafu Noella, mke wa mwanangu Fiston, akajifungua mtoto wa kike. Divine, mjukuu wangu wa kwanza.

Kwetu, mama wa baba ndiye anayemwogesha mtoto, na mimi nilikuwa nimeisubiri kazi hiyo tangu siku ya harusi. Nilinunua beseni jipya la rangi ya samawati, nikajitwika, nikaenda. Mlangoni nikamkuta Pélagie, mama yake Noella, ameteremka kutoka Lemera na chupa ya mafuta ya upako. Mtoto alikuwa mikononi mwake.

"Karibu, Mama Fiston," akasema. "Kaa kule."

Kule kulikuwa na kiti, mwisho kabisa wa sebule. Nikatua beseni, nikanyoosha mikono. Pélagie akarudi nyuma.

"Hapana. Huyu mutoto hawezi shikwa na weye. Batu ba Lemera bote banasema ulikula bajukuu."

"Mu filme, mama! Mu filme!"

"Na kile kicheko? Muntu wa Mungu anaweza kucheka vile? Kinatoka wapi?"

Nikamgeukia Noella. Noella huyu huyu, ambaye tangu uchumba alikuwa anakaa mkekani kwangu na kupiga kelele kunizidi! Akainamisha kichwa. "Mama, minye najua ni filme," akasema polepole. "Lakini nikifunga macho naona ile chai." Fiston alikuwa ameshika redio, anajifanya anaitengeneza.

Iliniuma, sitaficha. Nilirudi nyumbani na beseni langu kavu nikalia, na safari hii hapakuwa na kamera.

Machozi yakaisha, hasira ikaja, na hasira yangu ina akili. Nikampigia Fiston simu. "Mama mkwe wako ameiona ile filamu kwa macho yake?"

"Hapana, mama. Alisimuliwa tu. Anaogopa kuiangalia."

Ahaa! Watu nawajua. Anayesimulia filamu hafiki mwisho. Anafika kwenye chai, kila mtu anapiga kelele, habari inaishia hapo. Kumbe kule Lemera mimi ningali hai, ningali namimina chai.

Kesho yake mchana nikarudi bila beseni, flashi yenye ile filamu iko mfukoni. "Mama Noella," nikasema, "nimekuja unihukumu. Lakini kesi inasikilizwa mpaka mwisho. Angalia filme yote. Ukimaliza ukisema bado ni mulozi, nitakaa kwenye kile kiti mpaka huyu mtoto aolewe."

Pélagie akachukua chupa yake, akaipaka televizyo mafuta pembe zote, akakaa na Divine kifuani. Mimi nikakaa kando yake. Hakukataa, maana muziki ulikuwa umeshaanza.

Mwanzoni aliangalia sakafu. Baadaye akafungua jicho moja. Nilipotokea na birika langu, akafungua yote mawili.

"Usikunywe!" akapiga kelele. "Weye binti, usikunywe ile chai! Ooh, anakunywa! Noella, anakunywa!"

"Naona, mama!"

"Huyu mama iko mubaya! Muangalie macho!"

"Mubaya kabisa," nikasema. "Minye ningemupiga."

"Tumupige siye bote!" akanijibu, na kunipiga kiwiko cha ubavuni. Nikaiacha filamu ifanye naye kazi.

Mwishoni mchungaji akaingia, Biblia juu. Moshi ukajaa nyumba, moshi wa makaa yetu wenyewe ambayo siku ile yaliniunguzia mkono wa blauzi. Mulozi akapepesuka. Pélagie hakuweza tena kukaa. "Anguka!" akasema. "Kwa jina la Yesu, anguka!" Mulozi akapiga magoti. Sasa Pélagie alihitaji mikono yote miwili ya kupiga makofi. Macho yakiwa kwenye televizyo, akageuza kiwiliwili upande wangu.

"Shika!" akasema, akaniwekea Divine mikononi, akaruka juu.

Nikashika. Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani, ana joto, amelala mdomo wazi katikati ya kelele zote zile. Machozi yakanitoka nikayaacha yatiririke, maana mikono ilikuwa na kazi.

Muziki ukaisha. Pélagie akageuka akihema, jasho usoni, akaona mikono yake mitupu. Akaniona. Noella akaziba mdomo. Fiston akaacha redio. Pélagie akaitazama televizyo, mulozi yuko chini, kilemba kimemtoka. Akanitazama tena mimi.

"Amekufa?" akauliza.

"Amekufa, Mama Noella. Si weye mwenyewe uliomba?"

Akafikiri. Akakaa, akajifuta uso kwa pindo la kitenge.

"Basi shika muzuri shingo ya mutoto," akasema. "Na ile beseni uliiacha wapi?"